Marehemu Bado Anauza Ndagala

Siku sita kabla ya sherehe ya kumaliza kilio cha Mama Spéciose, kamati ya familia iligundua kwamba marehemu bado anauza ndagala.

Aliyegundua alikuwa Namegabe, mwenyekiti wa kamati na kaka mkubwa wa Mzee Byamungu, mume wa marehemu. Alikuwa ametoka kikaoni kwenda chooni nyuma ya nyumba. Njiani akamkuta mdogo wake amekaa peke yake kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, simu mkononi, akiiambia ile simu kwa sauti ya mtu aliyeishi ndani ya ndoa miaka arobaini, "Bado. Nakula sasa hivi."

Namegabe aliinama akachungulia. Kwenye kioo cha simu ulionekana mtaa wao wa Nyakabiga, geti la bluu la nyumba hiyohiyo, na mbele ya geti mwanamke mdogo kama ukucha wa kidole gumba, kitambaa cha manjano kichwani, beseni la ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mbele yake. Juu ya kitambaa yalielea maandishi: "Ulikula?"

Namegabe hakufika chooni. Alirudi sebuleni akasimama mbele ya wanakamati.

"Munakodi viti mia moja na makumi mbili," akasema. "Munasema mwaka umeisha, tumalize kilio. Na ule mwenye munamulilia iko pale nyuma. Anauza."

Kamati ilikuwa na watu saba: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, na wazee watatu waliopewa cheo cha washauri kwa sababu hawakuweza kuachwa nje na hawakuweza kupewa kazi. Fabrice, mtoto pekee wa marehemu, hakuwa mwanakamati. Kazi yake ilikuwa kuleta Fanta. Aliingia na trei wakati huohuo, na watu wote saba wakamgeukia.

"Fabrice, njo hapa," alisema Namegabe. "Ni weye ulifanya hii kitu iko ndani ya simu ya baba yako?"

"Ni jeu, papa mukubwa."

"Jeu."

"Ya kucheza."

"Mama yako amekufa, weye unamucheza."

Fabrice alitafuta mahali pa kuweka trei, hakupaona, akabaki ameishika.

Alikuwa na miaka thelathini na minne na alitunza ghala la mabati na misumari katika Zone Industrielle, eneo la viwanda. Jioni na Jumapili, kwa miaka minne, bila kuombwa na mtu wala kulipwa, alikuwa akitengeneza mchezo huo kwenye kompyuta kuukuu. Anayecheza hupewa kijana aliyefika Nyakabiga na mfuko mtupu. Lazima avuke mitaa kumi, asalimie watu kwa mpangilio unaofaa, abebe madumu ya maji, apigane na kiboko aliyepanda kutoka ziwani kwa kufuata mto Ntahangwa, na kila akishinda jambo anapanda kiwango. Nguvu zikimwishia anarudi kwenye geti la bluu. Mama Spéciose anamuuliza kama amekula, anampa ndagala, na nguvu zinarudi. Watu wote wa mchezo walikuwa majirani wa kweli. Ulikuwa umeenea katika simu hamsini hivi za mtaani, na hakuna aliyewahi kuulalamikia isipokuwa Jimmy kinyozi, ambaye alidai kwamba saluni yake ina vioo viwili, si kimoja.

"Ni jeu muzuri," alisema Caritas, mdogo wa marehemu, aliyekuwa katibu. "Mi nimefika kiwango cha tisa." Kisha akaona uso wa Namegabe, akainamia daftari.

"Sikilizeni," alisema Namegabe, na safari hii hakuwa na hasira. "Mudogo wangu hajanyoa ndevu mwaka muzima. Arusi haendi, batizo haendi. Siku ya mosi musemaji atasimama mbele ya batu, atasema Spéciose amepumuzika, Byamungu anyoe, arudi mu batu. Na mutu wa nyuma atainua simu, atasema apana, mi nimemuona leo asubui, amenipa ndagala. Tutajibu nini?"

Washauri watatu walikubali kwamba hapo hakuna la kujibu. Caritas alihesabu siku hadi Jumamosi ya sherehe, akaandika katika daftari: Marehemu atolewe ndani ya jeu mbele ya siku ya mosi. Anayehusika: Fabrice. Halafu wakachukua Fanta zao.

* * *

Jikoni, Orlane, mke wa Fabrice, alikuwa akichambua maharage. Alifundisha darasa la pili na alikuwa na mazoea ya kungoja mtu amalize kusema kabla ya kumwambia amekosea.

"Basi nitamutoa," alimaliza Fabrice. "Ni kamati imesema."

"Ukimutoa, papa hatakula."

Fabrice alimwangalia.

"We unatoka kazini saa kumi na mbili, siku ya mungu uko mu kompyuta, huoni," alisema Orlane. "Kila siku saa kumi anakaa pale pa kigoda, anafungua simu. Mi naweka sahani pembeni yake, nakaa kimya. Mama anamuuliza, ulikula? Yeye anajibu, bado. Kisha anakula. Siku mbili zile umeme ulikatika, simu ikazima. Siku mbili hakugusa kitu. Nikamuuliza mi mwenyewe, papa, ulikula? Akaniambia, asante mama, sina njaa."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Baba yako analishwa na simu?" Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Angalia mukaba wake. Ametoboa matundu mawili mapya, na musumari."

Fabrice alitoka akaangalia mkanda wa baba yake kwa mbali. Matundu yalikuwa matatu.

* * *

Hata hivyo Jumatatu alijaribu, kwa sababu Namegabe alikuwa amempigia simu mara tatu kazini, na mara ya tatu alizungumza na mkuu wa ghala.

Alichagua jina la mama yake katika orodha, akafuta, akafungua mchezo. Mitaa ilikuwepo, mageti yalikuwepo, sufuria zilichemka mlangoni. Watu hawakuwepo hata mmoja. Jimmy hakuwepo, mchungaji hakuwepo, kiboko hakuwepo. Kijana wa mchezo alitembea mtaa hadi mtaa katika Nyakabiga iliyohamwa, na katika mtaa wa tatu njaa ikamuua.

Fabrice alijua sababu, ila alikuwa ameisahau. Miaka minne nyuma, alipokuwa akijifunza kutoka katika maelezo ya Kifaransa aliyoyapata mtandaoni, maelezo yalimwambia atengeneze mtu mmoja wa kwanza. Alimchagua mama yake kwa sababu alikuwa amekaa mbele yake akisafisha ndagala na hakuwa akisogea. Baadaye, kila alipohitaji mtu mwingine, alinakili yule wa kwanza, akambadilisha nguo na jina. Hivyo mtaa mzima ulikuwa Mama Spéciose. Mchungaji alikuwa Mama Spéciose mwenye tai. Kiboko alikuwa Mama Spéciose aliyefunikwa picha ya kiboko. Na yeyote ambaye hajaandikiwa maneno yake aliazima ya yule wa kwanza. Siku kiboko alipotokea mara ya kwanza, alitoka majini, akafungua kinywa, na kabla ya kummeza kijana akamuuliza, "Ulikula?" Mama Spéciose alicheka hadi beseni likapinduka, wakaokota ndagala mchangani wote wawili. Kesho yake Fabrice alimwandikia kiboko maneno ya kutisha.

Alimrudisha mama yake. Jumanne alimficha tu: alimwacha ndani ya programu lakini akamwondoa barabarani. Watu wote wakarudi, na kwenye geti la bluu pakabaki patupu. Alimpelekea Namegabe kompyuta nyumbani kwake, Bwiza, akidhani kazi imekwisha.

Namegabe aliweka kidole kwenye geti tupu.

"Umemupeleka wapi?"

"Iko ndani ya programu, papa mukubwa. Haonekane tu. Nikimutoa kabisa, batu bote banapotea."

"Donc iko ndani ya nyumba, amejifungia."

"Tuseme hivyo."

"Huyo hajakufa. Huyo amekasirika." Namegabe alimrudishia kompyuta. "Mutu hafichwi, Fabrice. Mutu anazikwa."

* * *

Kwa hiyo Jumatano kamati ilikutana kupanga mazishi ya ndani ya mchezo. Katibu alifungua ukurasa mpya. Swali la kwanza lilikuwa nani atakaa mbele.

Fabrice aliruhusiwa kukaa, kwa sababu alihitajika kujibu maswali. Alieleza kwamba mtu wa mchezo ana upana wa vitone kumi na sita vya rangi na urefu wa vitone kumi na sita, kwa hiyo haiwezekani kuonyesha kila kitu.

"Mi nitakuwa na viatu," alisema Namegabe.

"Hakuna mwenye miguu mule, papa mukubwa. Nguo inafika chini, basi."

"Mutoto, nitaenda kuzika shemeji yangu miguu wazi?"

Fabrice aliandika: viatu. Caritas aliomba imvutano, vazi la sherehe la kina mama, ya zambarau, iliyomwagika vizuri begani, na, kama si shida, apunguzwe kidogo kiunoni. Mzee mmoja wa washauri aliyeishi Rumonge, ambaye hakuwa kwenye mchezo kwa sababu Rumonge haimo, aliuliza kama anaweza kuonekana akishuka kwenye basi. Mweka hazina alitaka magari sita nyuma ya jeneza. Fabrice alisema barabara za mchezo hazipitishi gari. Mweka hazina akasema kwamba barabara ni kitu cha kupanua, hata serikali hupanua. Wakakubaliana jeneza libebwe mabegani.

Jimmy kinyozi hakuwa mwanakamati, lakini alikuwa amekaa dirishani upande wa nje. "Vile munapita mbele ya kwangu," alisema, "muweke kile kioo ya pili."

Pasta Vainqueur alifika akiwa amechelewa, na karatasi mkononi. Ilikuwa hotuba ya mazishi, kurasa nne, pande zote mbili.

"Pasta, mule maandishi yanaingia mistari miwili miwili," alisema Fabrice. "Mutu anasoma, anabonyeza, inakuja ingine. Hii batabonyeza mara..." Alihesabu. "Mara sitini na moja."

"Nilishapunguza," alisema mchungaji.

"Naweza kuweka kipande tu?"

"Kipande gani ya Neno utakata, Fabrice? Nionyeshe na kidole."

Fabrice hakuonyesha.

"Miaka thelathini na mine," alisema Namegabe akimwangalia mtoto wa mdogo wake aliyekuwa akiandika, bila kumlenga mtu. "Benzake banajenga nyumba."

Mzee Byamungu alikuwepo muda wote, kwenye kiti cha kona, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyemuuliza chochote mpaka mwisho, pale Caritas alipokumbuka kwamba mtu lazima auze ndagala, maana bila chakula mchezo hauendi.

"Mi naweza kukaa pale pa geti," alisema. "Papa Byamungu, unasema je?"

"We haunaulizaka mutu kitu, Caritas," alijibu mzee kwa upole. "We unaambiaka tu."

Watu walicheka. Caritas hakuliandika hilo.

* * *

Kulikuwa na siku mbili tu, na Fabrice alilazimika kufanya kazi hata ghalani. Aliandika nyuma ya karatasi za kupokelea mizigo. Alhamisi mkuu wa ghala aliokota karatasi moja chini ya meza akasoma: "Jeneza liingie kushoto. Mfiwa hatua nne mbele. Udongo mara tatu. Wote wanyamaze."

Mkuu alivua kofia.

"Nani tena, Fabrice?"

"Mama, chef."

"Si alikufa mwaka jana?"

"Ndiyo, chef."

Mkuu alifikiri, akarudisha kofia kichwani, akaivua tena. "Basi nenda nusu siku kesho. Pole tena," akasema. Wapakiaji wanne walikuja mmoja mmoja kumshika mkono, na Fabrice, kwa kukosa la kusema, akawashukuru.

Ijumaa hiyo, kwa sababu ya nusu siku yake, alikuwepo nyumbani saa kumi. Alimwona baba yake akifungua simu, ambayo, kama simu zote za mtaani, ingewekewa mchezo mpya baada ya mazishi. Alimwona Orlane akiweka sahani na kurudi nyuma kama mtu anayelisha njiwa. Mama Spéciose aliuliza. Mzee alijibu, akala taratibu, akimwacha ndagala mmoja pembeni mwa sahani, kama alivyofanya siku zote, ili asiambiwe ana ulafi.

Fabrice alivuta dumu tupu akakaa karibu naye.

"Papa, kesho..."

"Nilisikia. Gari hakuna?"

"Hakuna. Haipite."

"Vizuri. Gari ilikuwa inamutapisha." Mzee alifuta mikono. "Fabrice, mi kuzika najua. Ule mutu nilimuzika mara moja, nilimwaga udongo na mukono wangu. Kesho mutanipa kompyuta, nitamuzika tena. Kaka yangu hasemi uongo, mwaka umeisha."

Mzee alisukuma sahani kando.

"Ni kesho kutwa, siku ya mungu, saa kumi," alisema. "Hapo ndiyo sioni vizuri."

Fabrice aliingia ndani akaendelea na viatu vya Namegabe.

* * *

Jumamosi ua ulijaa. Turubai lilikuwa limefungwa, viti mia moja na ishirini vimepangwa, na kanisa lilikuwa limeazimisha mashine ya kurushia picha ukutani. Shuka jeupe la Orlane lilitundikwa mbele. Ilipowashwa, jua la saa nane likameza picha yote, na Namegabe akaamuru mablanketi yaning'inizwe pande zote. Ndani kukawa giza na joto kama tumboni mwa ng'ombe. Watu walijipepea kwa bahasha.

Mzee Byamungu alikaa katikati ya safu ya mbele, kibodi magotini. Kando yake Namegabe, katika koti jipya. Kwenye shuka ilitokea Nyakabiga, kila nyumba mahali pake, na minong'ono ikaanza ya watu kuonyeshana mageti yao. Bibi mmoja aliyetoka mbali, ambaye alikuwa ameambiwa ataona video ya mazishi, alisema kwa sauti kwamba Spéciose alikuwa mrefu kuliko hivyo. Kisha jeneza likatoka kwenye geti la bluu, bibi akaanza kulia kweli, na wanawake wawili wakamfuata.

Hotuba ya Pasta Vainqueur ilichukua mibonyezo sitini na moja. Mchungaji mwenyewe alisimama kando ya shuka akiifuatisha kwa midomo. Kufikia mbonyezo wa ishirini watu walikuwa wamezoea mwendo wake, na kila mzee alipobonyeza walisema amina. Mzee alibonyeza kwa usawa, bila haraka.

Msafara ulianza. Wabebaji wanne walipita mtaa wa pili, wa tatu. Kwenye kona ya saluni ya Jimmy wakasimama. Hawakusimama hasa: walitembea, lakini hawakwenda. Miguu hawakuwa nayo, ila nguo zao zilipanda na kushuka, na jeneza likagonga ukuta, likagonga ukuta.

"Ni nini hapa?" aliuliza Namegabe.

Fabrice aliinama sikioni mwake. "Ni kioo ya pili. Ilipanua saluni. Jeneza haipite."

"Jimmy!" aliita Namegabe katika giza.

"Mi niko na vioo viwili kweli," alisema Jimmy kutoka nyuma. "Batu bote banajua."

Wageni walisimama kusaidia. Mmoja alisema wakunje kushoto. Mwingine akauliza kushoto kwa nani, kwa wabebaji au kwa marehemu. Mpakiaji mmoja wa ghalani, aliyekuja kwa heshima ya Fabrice, akashauri waliinamishe, maana hata friji huingia hivyo. Bibi wa mbali aliomba wasimwangushe. Mzee Byamungu hakumjibu mtu. Aliwarudisha wabebaji nyuma hatua kwa hatua hadi mtaa wa pili, akawapitisha nyuma ya kanisa, kwenye njia nyembamba ambayo Spéciose aliipenda kwa sababu ilikuwa na kivuli, na wakafika makaburini wakiwa wametokea upande usiopangwa na kamati.

Caritas wa mchezo alikuwepo, zambarau, mwembamba. Namegabe wa mchezo alikuwepo, na chini ya nguo yake vitone viwili vyeusi, viatu pekee katika Nyakabiga nzima. Namegabe wa kweli alivitambua, akajirekebisha koti.

Udongo mara tatu. Mzee alibonyeza mara moja. Akabonyeza mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu kidole kilibaki juu ya kibodi hadi mashine ya kanisa ikaanza kuonyesha onyo la kuzimika, kisha akabonyeza.

Msemaji wa familia alisimama akatangaza kwamba Mama Spéciose amepumzika, kilio kimekwisha, mume wake anyoe ndevu na arudi katika watu. Makofi yakapigwa. Vijana wakaanza kuingiza vinywaji. Namegabe aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa haraka kwa upande wa mkono, akavuta pumzi ya mtu aliyemaliza kazi.

Fabrice alinyoosha mkono kuchukua kibodi. Baba yake hakuitoa.

Kwenye shuka, kijana wa mchezo aliondoka makaburini. Alikuwa akirudi nyumbani.

Mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa mchungaji. Mzee alibonyeza ili amsalimie, kama mchezo unavyotaka. Juu ya tai yake yakatokea maandishi: "Ulikula?"

Watu wachache walicheka. "Mi sikuandika hiyo," alisema Pasta Vainqueur.

Kijana alipita mbele ya saluni. Jimmy wa mchezo, kati ya vioo vyake viwili, akauliza, "Ulikula?" Caritas wa zambarau, aliyekuwa ameshafika kwake kabla ya wote, akauliza, "Ulikula?" Kandokando ya Ntahangwa kiboko alitoka majini, akafungua kinywa kilichojaza nusu ya shuka la Orlane, na turubai lote likanyamaza kungoja atamke nini.

"Ulikula?"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa mpaka mablanketi yakatikisika. Fabrice peke yake hakucheka. Alikuwa ameelewa. Kamati ilikuwa imeandika maneno ya kila mtu kwa siku ya mazishi, mstari kwa mstari, na yeye aliyaweka yote mahali pa yale ya zamani. Mazishi yakisha, maneno yale yanakwisha. Watu saba, kurasa kumi na moja za daftari, na hakuna aliyeuliza watu watasema nini baada ya kuzika. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa umerudi kuazima kwa yule wa kwanza.

"Tengeneza hiyo," Namegabe alimnong'oneza. "Batu banacheka mu kilio."

"Kilio kimekwisha, papa mukubwa," alisema Fabrice.

Kijana alifika kwenye geti la bluu. Hapakuwa na beseni, hapakuwa na kitambaa cha manjano. Kando ya geti alikuwa amesimama Namegabe wa mchezo, maana kamati ilikuwa imeagiza kwamba baada ya mazishi mwenyekiti asimame getini kupokea wageni. Mzee alimsogelea. Vicheko vilipungua. Watu walikuwa wamekwisha kujua kitakachoandikwa, wakawa wanakisoma kabla hakijatokea.

"Ulikula?" aliuliza mtu mdogo mwenye viatu.

Mzee Byamungu aliweka kibodi chini. Aligeuza kichwa, si kwenye shuka, bali kwenye kiti cha kando yake.

"Bado, kaka," akasema.

Namegabe aliangalia huku na huku kutafuta ni nani anahusika. Alimwangalia makamu, makamu akamwangalia mweka hazina. Alimwangalia Caritas, na Caritas akafungua daftari, akapekua, akatikisa kichwa: hakuna kilichoandikwa hapo. Watu mia moja na ishirini walikuwa wakingoja gizani. Mwishowe alisimama mwenyewe, akapita katikati ya viti kuelekea jikoni, mkono mmoja ukizuia koti lisiguse chupa za watu.

"Anakulaka nini?" alimuuliza Orlane.

"Ugali kidogo na ndagala. Usiweke chumvi."

Alirudi na sahani ameishika kwa mikono miwili, akaiweka magotini mwa mdogo wake. Mzee aliitazama, hakuigusa. Namegabe aliketi. Sahani ilitoa mvuke. Akamwangalia Fabrice, Fabrice akaangalia chini. Ni Orlane aliyekuja nyuma ya kiti cha mwenyekiti, akainama, akamwambia neno sikioni, kama anavyomwambia mtoto wa darasa la pili aliyesahau mstari wake mbele ya wazazi.

Namegabe alisafisha koo. Alikuwa na miaka sabini na sita, alikuwa mwenyekiti, na hakuwa amewahi kumuuliza mtu swali hilo maishani mwake, kwa kuwa daima kulikuwa na mwanamke wa kuliuliza.

"Ulikula?" akasema.

"Bado," alijibu mzee. Akanawa mikono katika glasi ya maji, akamega ugali.

Alikula wote, akabakiza ndagala mmoja pembeni. Vijana walianza kushusha mablanketi, mwanga ukaingia, na picha kwenye shuka ikafifia kuanzia juu, mageti kwanza, kisha kiboko. Namegabe alikuwa bado amekaa, akiangalia mkanda wa mdogo wake na matundu yake.

"Ni kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

Kutoka Bwiza hadi Nyakabiga ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, thelathini kwa mtu wa umri wake. Namegabe alionekana akizihesabu. Kisha akamnyooshea Caritas kidole, na Caritas, ambaye alikuwa tayari amegeuza ukurasa, aliandika: Kila siku, kuanzia siku ya mungu, saa kumi, pa Byamungu. Anayehusika: mwenyekiti.